Semina za biashara na uongozi: nimekaa tisa, moja ndiyo iliyobadilisha kazi yangu (uzi mrefu, karibuni)

Fundi_Sare (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa.

Nashona sare za shule hapa Morogoro, huu mwaka wa kumi na moja. Nina fremu moja Kihonda, cherehani nane na mafundi sita. Juzi binti wa jirani alinifuata na tangazo kwenye simu: semina ya siku moja ya biashara na uongozi, laki moja na nusu, chakula na cheti humo humo. Hiyo laki na nusu ni akiba yake ya miezi mitatu. Anataka nimwambie alipe au asilipe. Nilianza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora nilete huku maana najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Semina yangu ya kwanza ilikuwa Dar, kwenye ukumbi wa hoteli. Nilipanda basi la alfajiri pale Msamvu nikiwa nimevaa gauni langu la harusi za watu. Msemaji alikuwa hodari kweli kweli. Tulisimama, tukapiga makofi, tukamgeukia jirani na kumwambia wewe ni mshindi. Nilitoka pale moyo umejaa. Jumatatu nikafungua fremu, nikakaa kwenye cherehani, na sikujua nianze na lipi. Kitini walichotupa hakikuwa na ukurasa hata mmoja wa kunielekeza.

Zilizofuata nyingi zilikuwa za miradi: unasaini mahudhurio, unakunywa chai ya saa nne, unapokea nauli. Sizibezi, nyingine zilinipa wateja. Lakini unakuta darasa moja lina mfuga kuku, dereva wa bodaboda na mimi, na mada ni ile ile kwa wote, "Mbinu za Masoko". Kila mtu anaondoka na maneno ambayo hayajagusa kazi yake.

Ya saba ndiyo iliyonibadilisha. Ilikuwa inafuata mtaala wa SIYB, ule wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa kuanzisha na kuboresha biashara. Chimbuko lake ni Sweden miaka ya 1970, ILO wakauchukua wakaueneza nchi nyingi. Sehemu ya kuboresha biashara ina mambo sita: masoko, kukokotoa gharama, kununua na kutunza bidhaa, kuweka kumbukumbu, kupanga, na watu unaofanya nao kazi. Siku tano, nusu siku kila siku, washiriki kumi na nane, wote tunatengeneza kitu kwa mikono.

Mwezeshaji alituambia kesho kila mtu aje na kitu anachouza sana. Mimi nikabeba shati jeupe la shule ya msingi. Akalichukua, akaligeuza nje ndani, akalitandaza mezani mbele ya watu wote, akauliza: "Mama, kila unachokiona hapa kilikugharimu shilingi ngapi?" Rahisi. Kitambaa 5,000, uzi na vifungo 600, ujira wa fundi 2,500. Jumla 8,100. Nauza 10,000, nabaki na 1,900. Nikajibu nikiwa nimesimama wima.

Akasema, "Na usivyoviona?"

Nikanyamaza. Akanipa chaki. Kodi ya fremu kwa mwezi 150,000. Umeme 40,000. Mlinzi 30,000. Nauli na kubeba mzigo kutoka Kariakoo 60,000. Simu 20,000. Hiyo ni laki tatu, na kwa mwezi nilikuwa natoa nguo kama 200. Kwa hiyo kila shati lilikuwa na 1,500 isiyoonekana. Faida yangu ikashuka hadi 400. Halafu akauliza mshahara wangu ni kiasi gani. Sikuwa na mshahara, nilikuwa nachota tu kwenye droo mtoto akihitaji kitu. Akasema andika laki tatu, hiyo ndiyo utakayomlipa mtu akija kukaa kwenye kiti chako. Nayo ni 1,500 kwa shati. Jumla 11,100. Nilikuwa nauza 10,000.

Miaka saba nimeshona mashati kwa hasara ya 1,100, na nilikuwa najiita mfanyabiashara. Usiku ule sikulala vizuri.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi kwangu. Wiki tatu baadaye mwezeshaji alikuja fremuni. Alikuwa ametuambia atakuja Alhamisi, saa hakusema. Akavuta stuli, akaomba daftari la mapato na matumizi tuliloambiwa tulijaze kila siku. Siku nne zilikuwa wazi. Hakunigombeza. Akaomba kopo langu la risiti, tukaijaza siku ya kwanza pamoja, ya pili nikaijaza mwenyewe yeye akiangalia. Tangu siku hiyo sijaacha siku wazi zaidi ya moja, kwa sababu nilijua mwezi ujao atakuja tena.

Ndiyo maana binti nimemwambia aulize swali moja tu kabla ya kulipa: mkishamaliza, nani atakuja kuniona kazini kwangu, na lini? Wakikosa jibu, pesa yake inunue mtaji.

Nakaribisha michango.

Mama_Kibanda

Naweka kambi hapa. Mleta uzi ubarikiwe, hiyo ya "usivyoviona" imenichoma. Nauza chakula, leo usiku nakaa na kalamu.

Afisa_RW

Bandiko zuri sana dada yangu. Mimi ni afisa rasilimali watu, kazi yangu mojawapo ni kupeleka wafanyakazi kwenye mafunzo, na nina uchungu na hili.

Ile karatasi ya tathmini mnayojaza saa kumi jioni, "ukumbi ulikuwaje, chakula kilikuwaje, mwezeshaji alieleweka?", inapima kitu kidogo mno. Mmarekani Donald Kirkpatrick aliandika mwaka 1959 kwamba mafunzo yana hatua nne za kupimwa. Kwanza, mtu ameyapokeaje. Pili, amejifunza nini. Tatu, akirudi kazini anafanya tofauti? Nne, hiyo tofauti imeleta nini kwenye kazi yenyewe. Taasisi nyingi tunaishia ya kwanza. Ripoti inaandikwa "washiriki 40 waliridhika", faili linafungwa. Huyo mwezeshaji aliyekuja kwako na stuli alikuwa anapima ya tatu, na wewe na hesabu yako mnapima ya nne.

Na pesa ipo. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi, na sehemu yake ndiyo inayoendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Kwa hiyo nchi imeshatoa. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza miezi mitatu baadaye: yule tuliyempeleka Arusha wiki nzima kusomea uongozi, idara yake inaendaje?

Nilipoanza kuuliza hivyo ofisini, maombi ya kwenda semina yalipungua. Walioendelea kuomba ndio waliokuwa na tatizo kweli la kutatua.

Mnakuru

Hamjambo ndugu zangu, nawasoma kutoka Nakuru. Huku kwetu kuna NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi viwandani. Mwajiri anatoa shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na akipeleka mtu kwenye kozi iliyoidhinishwa anaweza kudai kurudishiwa gharama. Wengi wenye biashara za kadiri hawajui, wanalipa hiyo tozo wakidhani ni kodi tu, hawadai chochote. Mtu wa Kenya anayesoma uzi huu na ana wafanyakazi, aulizie kabla hajaingia mfukoni.

Mkufunzi_Mzunguko

Salaam wakuu. Mimi ni mwezeshaji, nimefanya kazi hii mikoa minne. Nakubaliana na mleta uzi karibu kwa yote, ila naomba nimpinge kidogo kwa heshima.

Dada, unasema kilichokusaidia ni kufuatwa. Kuna utafiti ulifanyika Lomé, Togo, ukachapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2017. Walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500, wakawagawa mafungu matatu ya mia tano mia tano. Fungu moja likafundishwa biashara kama tulivyozoea: hesabu, masoko, fedha. La pili likafundishwa kujituma, yaani kuanza jambo kabla hujasukumwa, kutazama mbele, kutafuta upenyo ambao wenzako hawajauona, na kutokukata tamaa mambo yakigoma. La tatu halikufundishwa chochote. Saa za darasani zilikuwa sawa, 36, na mafungu yote mawili yaliyofundishwa wakufunzi waliyafuata kwenye biashara zao mara moja kwa mwezi kwa miezi minne.

Walipopima kwa zaidi ya miaka miwili, faida ya waliofundishwa kujituma ilikuwa imepanda kwa asilimia 30. Waliofundishwa hesabu na masoko, asilimia 11, na hata hiyo 11 kitakwimu haikutosha kusema ni mafunzo na si bahati.

Wote walifuatwa, dada. Kwa hiyo kufuatwa peke yake hakutoshi. Naomba ukumbuke vizuri: ulipoijua ile hasara ya 1,100, ulifanya nini?

(Kwa wanaotaka mafunzo ya aina hiyo, Umoja wa Mataifa kupitia UNCTAD, chombo chake cha biashara na maendeleo, wana programu ya Empretec, ilianza Argentina mwaka 1988. Ni siku sita mfululizo, inajenga tabia kumi za mjasiriamali, na Tanzania imeshafika.)

Fundi_Sare (mleta uzi)

Mkufunzi, nimekaa na swali lako tangu jana. Umenipata.

Kujua hasara hakukuniongezea hata shilingi. Kwa wiki kadhaa nilikuwa najua na bado nauza 10,000, kwa sababu niliogopa. Wateja wangu wakubwa ni shule mbili. Nilijiambia nikipandisha wataenda kwa mwingine. Mwezeshaji alipokuja mara ya pili hakuniambia pandisha bei. Aliniuliza, "Umeshamuuliza mwalimu mkuu?" Sikuwa nimeuliza. Nilikuwa nimejijibu mwenyewe kwa niaba yake.

Nilienda Jumatano. Nilichukua shati, nikachukua karatasi yenye hesabu ile ile ya ubaoni, nikamwekea mwalimu mkuu mezani. Nikamwambia kwa bei hii mwakani nitafunga, na naomba 11,500 kuanzia watoto wa Januari, ila kola nitaishona mara mbili isichanike. Alisoma karatasi polepole sana. Akauliza kwa nini mlinzi yupo kwenye hesabu ya shati. Nikamweleza. Akacheka, akasema sawa. Shule ya pili walikataa, wakahamia kwa fundi mwingine, na sikuwalaumu. Mwezi ule niliumia. Nafasi yao nikaijaza kwa makoti ya maabara ya wanafunzi wa vyuo, kazi ambayo nilikuwa naikataa nikisema sina muda.

Kwa hiyo nakubali. Daftari lilinionyesha, ila kilichonitoa kwenye kiti ni lile swali la umeshamuuliza.

Dada_wa_Vikoba

Niongeze upande wa akina mama, maana haujasemwa. Dar es Salaam hapa hapa ulifanyika utafiti kwa wakopaji wa PRIDE, taasisi ya mikopo midogo, wakufunzi wakatoka kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vipindi 21 vya dakika 45. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: wanaume waliofundishwa biashara zao zilikua, wanawake walijifunza lakini kwenye mauzo mabadiliko yalikuwa madogo.

Sisi kwenye kikundi tulilijadili hili kwa uchungu. Mama amejifunza kutenganisha pesa ya duka na ya nyumbani. Anarudi, mtoto anadaiwa mchango wa shule, mume hajarudi, pesa iliyopo ni ya duka. Atafanyaje? Elimu anayo. Tuliona semina inayomhusu mama iguse na nyumba yake. Sasa tukipata mwezeshaji tunaomba siku moja ya kuja na mwenza. Si wote wanaokuja, lakini waliokuja wamerahisisha maisha ya wake zao. Na muda pia: ukiweka semina saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja, umeshawatoa wenye watoto wadogo na wenye vibanda.

Fundi_Sare (mleta uzi)

Kweli tupu dada. Ile yangu ilikuwa saa nane hadi saa kumi na moja jioni, na ndiyo maana niliimaliza.

Afisa_RW

Mleta uzi, kichwa cha uzi kinasema biashara na uongozi. Uongozi hujaugusa. Wewe una watu sita, hiyo ni idara. Ulipata nini upande huo?

Fundi_Sare (mleta uzi)

Ahsante kwa kunikumbusha, maana hapa ndipo nilipoteseka zaidi.

Kwa miaka yote mkasi wa kukatia ulikuwa wangu. Kitambaa ni pesa, ukikosea kukata umekosea mita, basi sikumwamini mtu. Mafundi sita wanakaa wananisubiri nikate. Nikiumwa, fremu inalala. Nikienda Kariakoo, fremu inalala. Na nilikuwa nalalamika kwamba vijana hawajitumi.

Kwenye ile semina kulikuwa na siku moja ya watu unaofanya nao kazi. Zoezi lilikuwa kuandika kila ninachofanya kwa siku, halafu kuzungushia ambacho hakuna mwingine anaweza kufanya akifundishwa mwezi mmoja. Niliandika vitu kumi na tisa. Nilizungushia vitatu. Mkasi haukuwemo.

Nikamchagua fundi mmoja, kijana mtulivu, ana jicho. Wiki nne alikata mbele yangu. Wiki ya tano nikampa mkasi na chaki asubuhi, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi. Niliusikiliza ule mkasi unavyopita kwenye kitambaa, krrr, krrr, na kila ukisimama moyo wangu unasimama. Sikuingia.

Mwezi wa pili alikosea. Mashati kumi na mawili, kola za darasa la saba kwenye mashati ya darasa la tatu. Zamani ningekata mshahara wake na ningerudisha mkasi siku hiyo hiyo. Safari hii nilimwita nyuma ya pazia, peke yetu, nikamuuliza imetokeaje, halafu tufanyeje isitokee tena. Alifikiri. Akasema paterni zote zipo kwenye mfuko mmoja na maandishi yake ni ya penseli, yamefutika. Akaomba misumari na kalamu nyekundu. Jioni ile kila paterni ilikuwa imetobolewa, imeandikwa namba kubwa, inaning'inia ukutani kwa mpangilio wa madarasa. Kosa lile halijarudi, na hilo wazo silo la kwangu.

Baadaye ndugu yangu mmoja muuguzi alipofika na kuuona ule ukuta akasema hii ndiyo tunayofanya wodini. Kumbe hospitali za serikali wamefundishwa ile njia ya Wajapani ya S tano, na kwa Kiswahili imekaa vizuri: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kijana wangu aliifikia bila semina, kwa sababu tu aliulizwa.

Kila Jumatatu sasa tunasimama dakika kumi kabla ya kuwasha cherehani. Kila mmoja anasema anamalizia nini na kitu gani kinamkwamisha. Nawajibika kuondoa kimoja kabla ya Jumatano.

Mkufunzi_Mzunguko

Wakuu, hiyo ya kumwita nyuma ya pazia naiomba niitumie darasani. Sitataja jina wala mji.

Fundi_Sare (mleta uzi)

Itumie kaka. Na binti wa jirani aliwapigia wale wenye tangazo akauliza lile swali. Walimwambia cheti kitatumwa kwa njia ya simu. Hakulipa. Ameanza kuja kwangu Jumamosi, anakaa na daftari langu.

Mama_Kibanda

Nimerudi. Nimekaa siku mbili naandika, naomba mniangalizie. Nauza wali maharage sahani 1,500, kwa siku sahani 40. Mchele kilo sita 15,000. Maharage kilo mbili na nusu 7,500. Mafuta, nazi, nyanya na vitunguu 9,000. Mchicha 4,000. Msaidizi 7,000. Maji 1,500. Jumla 44,000, kwa sahani ni 1,100. Napata 400 kila sahani, 16,000 kwa siku. Nimekosea wapi?

Fundi_Sare (mleta uzi)

Hongera sana mama, umeandika vizuri kuliko mimi nilivyoandika siku ya kwanza. Mkaa umeuhesabu?

Mama_Kibanda

Mungu wangu. Mkaa 5,000. Na kibanda nalipia 2,000 kwa siku. Sabuni na vyombo vinavyovunjika tuseme 1,000. Hiyo 8,000, yaani 200 kwa sahani. Nimebaki na 200.

Fundi_Sare (mleta uzi)

Ndiyo, 8,000 kwa siku, na hapo wewe bado hujajilipa. Usife moyo, leo angalau unajua ulipo. Sasa nikuulize jingine: hao vijana wa bodaboda wanaokula mchana na kulipa jioni, umewaandika popote?

Mama_Kibanda

Nawakumbuka kichwani. Nimemtuma mtoto dukani sasa hivi akachukue daftari la pili.